Visu vya Mnadani: Kumbukumbu za Mkusanyaji, Tarime hadi Mugumu

Mkoani Mara hakuna ukumbi wa maonyesho ya visu. Kuna mnada wa ng'ombe. Kwa mtu anayekusanya visu vilivyofuliwa kwa mkono, kama mimi, mnada unatosha na kuzidi, kwa sababu pale kisu hakifungiwi kwenye kabati la kioo ili kitazamwe. Kinanunuliwa asubuhi, na ikifika saa nane mchana kimeshachuna ng'ombe, na kila aliyekuwapo ameshajua kama mhunzi alisema kweli.

Nilianza kuzunguka minada ya Tarime na Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikiwa mnunuzi wa ngozi. Biashara ya ngozi ndiyo iliyonifundisha visu. Ngozi ya ng'ombe hupangwa kwa madaraja, na mara nyingi kinachoishusha ni mkono wa mchunaji na kisu alichoshika: tundu moja karibu na mgongo, mikato ya kina upande wa nyama, basi ngozi iliyostahili daraja la kwanza inauzwa kwa bei ya kutupa. Kutwa nzima nilikuwa nageuza ngozi mbichi zilizopakwa chumvi. Baada ya muda nikawa naweza kutambua ipi imechunwa kwa kisu chembamba cha dukani chenye ncha kali, na ipi imechunwa kwa kisu kipana chenye tumbo la mviringo, kilichofuliwa na mtu anayejua kinakwenda kufanya kazi gani. Nikaanza kuulizia hivyo vya pili vinatoka wapi, na kila nilipoonyeshwa kimoja, nilikinunua.

Kutoka Musoma unavuka daraja la Kirumi na kupanda hadi Tarime, ambako asubuhi ni baridi, na migomba na kahawa vimekaribia barabara. Kutoka Tarime kwenda Mugumu, miaka ile kabla ya habari za lami, njia ilikuwa vumbi au tope kutegemea mwezi. Tulijibana kwenye mchomoko, gari dogo la abiria, mizigo juu, tukapita Nyamwaga na Nyamongo, tukauvuka Mto Mara, na upande wa pili nchi ilibadilika: ardhi inashuka, hewa inapata joto, miti ya miiba inaanza. Nilizoea kulala njiani ili nifike mnadani kabla jua halijapanda. Wahunzi ni watu wa asubuhi, na visu vizuri huondoka mapema, maana wachinjaji nao wanavitaka kabla kazi haijaanza.

Mpangilio wa mnada ulikuwa unajulikana. Ng'ombe upande mmoja, mbuzi na kondoo karibu nao, mitumba na sufuria katikati, na pembeni kabisa, mahali penye kivuli kama kipo, walikaa watu wa chuma. Walitandika gunia au turubai na kupanga mali yao chini: majembe, mashoka, nyengo, mikuki, vichwa vya mishale, kengele za ng'ombe, mapanga, na visu. Wangoreme walikuwapo, Wakurya walikuwapo, Wasukuma walileta vyao kutoka kusini, na mara nyingine aliketi Mmasai na sime zake, zile zinazopanuka kuelekea ncha, zikiwa ndani ya ala ya ngozi iliyopakwa rangi nyekundu. Kutoka upande wa Kenya walikuja wafanyabiashara waliopita Sirari, na shilingi za nchi mbili zilibadilishwa papo hapo bila taabu.

Kuna adabu ya kushika kisu cha mtu. Huinami tu ukakiokota. Unachuchumaa kwanza, unasalimia, unakaa kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

"Naomba nikipime hiki."

"Kipime. Ila usikigonge kwenye jiwe."

Nilikuwa na utaratibu wangu. Kwanza nakilaza juu ya kidole kimoja, pale kwenye noleo, ile pete ya mpini, nione uzito wake unaangukia wapi. Kisu cha kuchuna kinatakiwa kielemee mkononi kidogo. Kikielemea mbele kinachosha kifundo cha mkono kabla mguu wa nyuma haujaisha. Pili nakiinua usawa wa jicho na kuutazama mgongo wake kuanzia mpini hadi ncha, nikitafuta mpindo. Tatu nakishika mpini kwa vidole viwili na kukigonga bapa kwa ukucha. Chuma kizima kina mlio unaokwenda mbali kidogo. Chenye ufa uliojificha mlio wake unakatika hapohapo. Mwisho natoa tupa ndogo niliyokuwa nikitembea nayo mfukoni, naomba ruhusa tena, naigusisha kwenye makali karibu na mpini mahali pasipoonekana. Tupa ikiteleza kabisa bila kuuma, chuma kimekuwa kigumu mno na siku moja kitamegeka kikikutana na mfupa. Ikiuma haraka na kuacha unga mwingi, ni laini, kitaomba kinoo kila baada ya mbuzi mmoja. Ninachokitaka ni katikati: tupa inasita, halafu inauma kwa shida.

Wazee wengine walikuwa wananitazama nikifanya haya yote bila kusema neno. Wengine walinielekeza kwa mwingine aliye bora kuliko wao. Hilo la pili nililiona zaidi ya mara moja na bado linanigusa: mhunzi anayekuambia, mbele ya mali yake mwenyewe iliyotandazwa, kwamba kwa kisu cha kuchuna mtafute fulani wa kijiji fulani, mimi ni mtu wa mashoka.

Marekani kuna chama cha wafua visu kiitwacho American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976. Anayetaka kupanda ngazi ndani ya chama hicho hufua kisu kikapimwa mbele ya bingwa. Sharti kikate kamba ya unene wa inchi moja inayoning'inia, kwa pigo moja. Kisha kikatakate mbao mbili. Baada ya mbao kiwe bado kinanyoa nywele za mkono. Halafu kinafungwa kwenye jiliwa na kukunjwa hadi nyuzi 90 bila kuvunjika vipande viwili. Nimesoma sana kuhusu watu hao na kuhusu maonyesho makubwa ya visu ya kila mwaka kule Atlanta, Blade Show, yaliyoanza mwaka 1982, ambako wakusanyaji hupanga foleni kwa kisu cha fundi mmoja. Nawaheshimu. Kipimo chao ni cha haki kwa sababu kila mtu anakiona kwa macho yake. Kipimo cha mnadani nacho ni cha haki, tena kwa sababu hiyohiyo.

Hebu nieleze kilivyokuwa. Nyuma ya safu ya ng'ombe kulikuwa na machinjio ya wazi, na mbele yake majiko ya nyama choma na kichuri. Msomaji wa mbali pengine hajawahi kula kichuri: ni nyama na matumbo yaliyotiwa yale majimaji machungu kutoka tumboni mwa ng'ombe, na mtu wa Mara akiwa ugenini hukiota. Pale machinjioni alikuwapo mchunaji mmoja, mtu mzima, mfupi, mwenye mikono mikubwa, ambaye kila mhunzi alimwogopa. Mimi nilimpelekea visu viwili nilivyovinunua siku moja, vya wahunzi wawili tofauti, nikamwomba avitumie kwa zamu kwa ng'ombe yuleyule.

Alianza na mguu wa nyuma wa kulia kwa kisu cha kwanza. Alipasua ngozi upande wa ndani wa paja, kisha akakilaza kisu bapa, makali yakielekea kwenye ngozi kwa pembe ndogo sana, akawa anavuta kwa mkono wa kushoto na kusukuma kwa wa kulia. Hakukata, alitenganisha. Ule utando mweupe ulio kati ya nyama na ngozi ulikuwa unaachia wenyewe mbele ya tumbo la kisu, na ngozi ilitoka safi, upande wake wa ndani umebaki laini kama karatasi. Alikwenda hadi ubavuni bila kunoa. Akabadilisha kisu. Kwa cha pili alifika katikati ya paja la kushoto akasimama, akakitazama, akakipitisha mara tatu kwenye kinoo, akaendelea, akasimama tena.

Alipomaliza alinirudishia vyote, amevipangusa.

"Hiki kinashika," alisema. "Hiki kingine kinakula ngozi."

Maneno hayo mawili yalisambaa. Kufikia jioni mhunzi wa kisu cha kwanza alikuwa amemaliza mali yake yote, na wa pili alinifuata kuuliza kitu gani hasa kilitokea. Tulikaa chini nikamweleza. Nilipokutana naye tena msimu uliofuata, visu vyake vilikuwa vimebadilika: mgongo umepungua unene, tumbo limeongezwa mviringo. Nilikinunua kimoja na ninacho hadi leo. Ndiyo maana nasema mnada ni maonyesho. Maonyesho ni mahali ambapo fundi anaambiwa ukweli na watu wanaojua, akaenda nyumbani kufanya kazi bora zaidi.

Baadaye nilitaka kuona kazi yenyewe tangu mwanzo. Yule mhunzi wa kwanza, Mngoreme, alinikaribisha kwake, safari ya bodaboda kutoka Mugumu. Kibanda chake kilikuwa cha makuti yaliyochakaa na mabati mawili, kimezibwa pande tatu. Nilidhani kimezibwa kwa ajili ya upepo, yeye akanieleza kuwa ni kwa ajili ya macho: rangi ya chuma haisemi kweli juani. Chuma kilichofikia wekundu wa kufulia kinaonekana cheusi ukikitoa kwenye jua, nawe utakirudisha motoni mpaka kiungue. Kwa hiyo alifanya kazi gizani kidogo, na kazi ya kuzimisha makali aliifanya alfajiri.

Viriba vya ngozi ya mbuzi vya baba yake vilikuwa vimetundikwa ukutani, vimekauka. Yeye alitumia feni iliyozungushwa kwa rimu ya baiskeli na ukanda wa mpira wa tairi, na kijana wake ndiye aliyezungusha. Fuawe yake ilikuwa kipande cha chuma kizito kilichochimbiwa kwenye gogo. Koleo alizifua mwenyewe. Makaa aliyachagua kwa mkono, ya mti mgumu tu, na yaliyoiva vibaya aliyatupa pembeni kwa ajili ya jiko la mke wake.

Chuma kilikuwa springi ya gari, ubao mmoja wa springi za nyuma za Land Rover. Kila mhunzi wa pande hizi atakuambia habari ya springi. Nondo ya ujenzi haifai kwa kisu kwa sababu kaboni yake ni kidogo. Utaifua vizuri, utainoa vizuri, na haitashika makali. Springi ina kaboni ya kama asilimia 0.6, imetengenezwa ipinde na kurudi maelfu ya mara bila kuvunjika, na ukiijulia moto inakubali kuwa ngumu kwenye makali na kubaki na unyumbufu mgongoni. Tupa kuukuu ina kaboni zaidi, inatoa makali ya ajabu, ila inaadhibu mhunzi mwenye haraka.

Aliikata kwa tindo ikiwa nyekundu, akaipiga upande mmoja hadi msuka, ile sehemu inayoingia mpinini, ukatokea, mrefu, unaochongoka taratibu. Kisha akageukia bapa. Alifua tumbo la kisu kwa mapigo madogo yaliyopishana, akikigeuza kila baada ya mapigo machache ili kisipindie upande mmoja, na kila wekundu ulipofifia alikirudisha motoni. Hakupiga chuma kilichopoa hata mara moja. Alipofikia umbo alilolitaka alikiacha kipoe polepole ndani ya majivu, tukaenda kunywa uji.

Asubuhi yake, kabla hakujapambazuka vizuri, alikipasha tena. Alinionyesha wekundu anaoutaka, ule uliokwishapita damu lakini haujafika chungwa. Alikuwa na sumaku ndogo aliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio. Chuma kinapofika joto la kama nyuzi 770 za Selsiasi kinaacha kushikwa na sumaku, naye aligusisha, ikakataa kushika, akasubiri kidogo tu, akakiteremsha kwenye oili chakavu ya injini, makali peke yake kwanza, akihesabu kimoyomoyo, kisha kisu kizima. Moshi ulijaa kibanda. Kilipotoka alisugua bapa kwa jiwe hadi likang'aa, akaukalisha mgongo wa kisu juu ya kipande cha chuma chenye moto. Hapo ndipo rangi zilipoanza kutembea kutoka mgongoni kwenda kwenye makali: njano hafifu, njano iliyokolea, kahawia, na nyuma yake zambarau na buluu. Rangi ya asali ilipoyafikia makali alikitumbukiza kwenye maji. Mgongo ulikuwa umebaki na buluu. Hakuna kipimajoto pale. Kuna macho yaliyofundishwa na macho ya baba.

Mpini ulikuwa wa mzeituni mwitu kutoka milima ya Tarime. Alitoboa tundu dogo, akaupasha msuka moto, akausukuma ndani, na mti ukaungua ukaachia nafasi inayolingana na msuka wenyewe, hivi kwamba hakuhitaji gundi. Noleo alilitengeneza kwa shaba ya koki ya zamani ya bomba la maji. Ala ilishonwa na kijana wake kwa ngozi ya ng'ombe.

Nilimlipa bei aliyoitaja na nikaongeza. Alikataa nyongeza, mke wake akaipokea.

Nilimuuliza kwa nini hafui visu tu, kwa vile anavifua vizuri hivi. Akasema visu havimlishi. Kilichomlisha miaka mingi ni moko, tindo za kuchimbia mwamba. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nyamongo, kabla ya mgodi mkubwa wa North Mara kuanza mwaka 2002 na hata baada yake, walihitaji moko zilizochongwa na kutiwa ugumu karibu kila siku, kwa sababu mwamba unazila. Mhunzi aliyekaa karibu na mashimo alipata fedha ya haraka kuliko yule aliyefua kisu kimoja kwa siku mbili. Na majembe yalikuwa yameshatoka mikononi mwao zamani, tangu kiwanda cha Ubungo Farm Implements kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1970 na majembe ya UFI kufika kila duka la kijiji. Baada ya hapo vikaja visu vya China visivyoshika kutu, vya bei ambayo mhunzi haiwezi kwa sababu makaa peke yake yanaipita.

Wazee wa Serengeti walinisimulia kwamba wahunzi walikuwa watu wa ukoo wao, Waturi, na kwamba zamani wengine hawakuoa kwao wala wao hawakuoa kwa wengine. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekaa miaka mingi na wazee wa pande hizi na kutoa kitabu Imagining Serengeti mwaka 2007, ameandika mengi kuhusu namna makabila haya yalivyojipanga kabla mipaka ya Hifadhi ya Serengeti haijachorwa. Mimi naliona jambo hili kwa jicho la kisu. Jamii iliyomtegemea mhunzi kwa jembe la kulimia, mkuki wa kulindia ng'ombe na kisu cha kuchunia ilimweka pembeni, ikamwogopa, na katika kumbukumbu za majina makubwa haikumtaja. Si haki, na athari yake bado ipo: kijana wa mhunzi leo huona aibu kusema kazi ya baba yake.

Na ni kazi kubwa. Ng'ambo ya ziwa, kwa Wahaya wa Kagera, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978 katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba wayeyushaji chuma wa huko walitengeneza chuma kigumu cha kaboni kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kwa kupitisha hewa ya viriba ndani ya mabomba marefu ya udongo yaliyoingizwa kwenye tanuri ili ipate moto kabla ya kukutana na makaa. Hao ni jirani zetu wa ziwa moja. Mtu anayekuambia ujuzi wa chuma tuliletewa kwa meli, mpe tarehe hizo.

Sikununua kila kitu nilicholetewa. Ukishajulikana mnadani kama mnunuzi wa visu, watu hukufuata nyuma ya vibanda na vitu vilivyofungwa kwenye khanga.

Nililetewa visu vyenye mipini ya pembe. Pembe ya ng'ombe naijua, nimekaa nayo miaka. Nyingi ya zile hazikuwa za ng'ombe. Tuko mlangoni mwa Hifadhi ya Serengeti, na mnyama aliyetoa pembe ile hakufa kwa uzee. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza mtu kuwa na nyara ya serikali bila kibali, na hata isingekataza, mimi nisingeweka kitu kama kile nyumbani kwangu. Niliwajibu waziwazi kwamba sinunui, na kwamba mhunzi mwenye mkono mzuri kiasi kile hahitaji pembe ya mnyamapori ili kisu chake kipendeze. Mmoja alirudi baadaye na kisu kilekile kikiwa na mpini wa mti. Hicho nilikichukua.

Kisha kulikuwa na kile kisu kidogo. Mama mmoja, wa umri wa kuitwa bibi, alinifungulia kitambaa Desemba moja. Ndani yake kilikuwamo kisu kifupi kuliko kiganja, kimepinda, kimenolewa mara nyingi hadi kimebaki chembamba, mpini wake mweusi kwa kushikwa. Nilikitambua kabla hajasema. Alikuwa ngariba, au mamake alikuwa ngariba, sikumuuliza. Kama kitu kilichofuliwa, kilikuwa kazi ya mkono wa bwana mkubwa, na ninayasema hayo kwa uchungu. Nilikifunga tena kwenye kitambaa chake.

"Hiki siwezi kukinunua, bibi."

"Kwa nini? Si unanunua vya zamani?"

Nilimwambia ninanunua vilivyofanya kazi ya kulisha watu. Na nikamwambia kwamba fedha yangu ingeweza kununua kingine kipya. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 ni kosa tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, lakini Tarime na Serengeti kila mtu anajua kwamba Desemba za miaka inayogawanyika kwa mbili ndizo wasichana hukimbia usiku wasikeketwe. Wengine hufika makimbilio ya Masanga, wengine Nyumba Salama ya Mugumu, ambayo Rhobi Samwelly amesimama nayo kwa ujasiri mkubwa. Kumekuwa na ngariba waliosalimisha zana zao hadharani, mbele ya wazee na viongozi. Nilimwomba bibi yule akisalimishe namna hiyo. Alinisikiliza, akaondoka nacho. Vitu kama vile mahali pake ni makumbusho ya umma, pamoja na maelezo ya ukweli wote na sauti za wasichana walioponea chupuchupu. Ukuta wa sebule ya mkusanyaji si mahali pake.

Kusafiri na mkusanyo nako kulikuwa na kanuni zake. Tarime imeonja mapigano ya koo, watu wamekufa kwa mapanga na mishale kwa sababu ya mipaka na ng'ombe, na ndiyo sababu Tarime na Rorya zina kanda yao maalumu ya polisi. Mtu mwenye begi la visu kwenye gari la abiria ana wajibu wa kujieleza kabla hajaulizwa. Nilifunga kila kisu kwenye gazeti, nikavifungia sandukuni, na nilikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji nilikonunua, yenye mhuri, inayotaja idadi na kazi yake. Na sikuthubutu kuvipitisha njia ya hifadhini, ile ya mabasi ya Arusha yanayokatiza Serengeti na Ngorongoro. Nilirudi navyo Musoma, hata kama njia ilikuwa ndefu zaidi kwa safari niliyokuwa nayo.

Mkusanyo wangu si mkubwa. Nilichokijali tangu mwanzo ni daftari. Kila kisu kina ukurasa: jina la mhunzi, jina la baba yake kama naye alikuwa mhunzi, kijiji, chuma kilitoka kwenye kitu gani, mti wa mpini, nani alikitumia na kwa kazi gani. Majina hayo siyaandiki hapa kwa sababu wenyewe hawakunipa ruhusa ya kuyatangaza, lakini yapo, na watoto wao wanajua yapo.

Nafanya hivyo kwa sababu najua kilichotokea kwa visu vya babu zetu. Vingi vilichukuliwa wakati wa Wajerumani. Mwaka 1906 Karl Weule alizunguka kusini mwa nchi yetu akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig, na hakuwa peke yake. Maofisa, wamisionari na wafanyabiashara walifanya hivyo kila kona. Ukitazama maelezo ya vitu vya namna hiyo, utakuta jina la aliyekichukua, mwaka, pengine kabila. Jina la aliyekifua halipo. Mtu alikaa mbele ya moto, akausoma wekundu wa chuma kwa macho yake, akaondoka duniani bila hata herufi moja ya jina lake kubaki karibu na kazi yake. Waomani wamelitetea jambia lao hadi likaingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2022, pamoja na ujuzi wa mafundi wanaolitengeneza. Sisi tuna mafundi hai na hatujaanza hata kuwaandika.

SIDO ipo tangu 1973, na kazi yake ni viwanda vidogo; wahunzi wa Mara ni viwanda vidogo. Halmashauri za Tarime na Serengeti hukusanya ushuru mnadani kila mara. Zinaweza kuwatengea wahunzi kivuli cha kudumu na kibao chenye majina yao. Walimu wa historia wanaweza kumpeleka mwanafunzi kwa mhunzi wa kijiji na daftari, siku moja tu.

Na wewe msomaji, ukipita mnadani ukapenda kisu, usimwombe mhunzi apunguze bei ya makaa yake. Muulize jina lake na la baba yake, uyaandike, kisha mwombe aligonge jina lake kwenye bapa kwa tindo, karibu na noleo. Wa kwanza niliyemwomba hivyo alichukua muda mrefu kuchagua herufi. Sasa anazigonga kwenye kila kisu anachofua.